Vigingi Shambani kwa Mama Skola

Jumatatu, 4 Novemba

Greda limekata bomba kuu la maji Mshangano. Amethibitisha Mhandisi Haule wa mradi wa barabara, saa nne asubuhi, kwa simu. Si bomba la zamani. Ni jipya, lile lililohamishwa mwezi uliopita ili kuipisha barabara. Anasema watu wa maji wamelifukia ndani ya barabara badala ya pembeni. Watu wa maji wanasema walifuata vigingi. Wote wakamaliza kusema, ndipo wakaomba nisiwataje. Nimewaambia hilo huombwa kabla.

Taarifa nimeisoma redioni saa saba. Nimeshasahau ni mara ya ngapi naandika habari hii. Kwanza nguzo za umeme zilichelewa kuondoka, greda likakaa. Sasa mabomba. Kila ofisi ina ratiba yake, na kila ratiba ukiisoma peke yake ni nzuri.

Nimechoka. Magoti pia.

Jumanne, 5 Novemba

Mshangano kwa bodaboda. Vumbi hadi kwenye meno. Pale bomba lilipokatika pamekuwa bwawa, na watu wanachota humo humo kwa sababu mabomba ya nyumbani yamekauka. Maji rangi ya chai ya maziwa.

Mapunda, fundi aliyelifukia bomba, amekaa juu ya kifusi. Hana hasira, ana uchovu kama wangu. Amenionyesha vigingi: vijiti vya mti vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Wapimaji walivichomeka Septemba kuonyesha bomba lipite wapi.

"Dada, kigingi kikisema hapa, mimi nachimba hapa. Sijawahi kubishana na kigingi."

Nimemnukuu hivyo hivyo.

Jumatano, 6 Novemba

Ofisi mbili zimekutana na kwa mara ya kwanza zimekubaliana jambo: vigingi vimehamishwa. Haule ametumia neno hujuma. Watu wa maji wamelirudia. Malalamiko yamepelekwa polisi kwa pamoja. Haule anasema aliyehusika atafikishwa mahakamani ili liwe fundisho.

Nimelisoma neno hujuma kama walivyolisema. Sikulipenda. Mhariri anataka jina.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimetembea kando ya vigingi kwa miguu, mwanzo hadi mwisho. Ajabu hakuna aliyefanya hivyo kabla yangu. Vinakwenda sawa na barabara, vinafika shamba moja, vinakata kuingia eneo la barabara ambalo bado linalimwa, vinafuata matuta hadi mwisho wa shamba, kisha vinarudi pembeni, mtaro wa bomba ukivifuata kandokando. Huhitaji kipimo. Unahitaji macho.

Shamba ni la Skolastika Ngonyani. Mjane, analima mwenyewe, mtaa mzima unamwita Mama Skola. Nimemwamkia shikamoo. Ameniangalia juu hadi chini.

"Marahaba. Ndiyo wewe wa redioni? Kumbe mfupi hivi! Sauti yako ndefu."

Nimeuliza kuhusu vijiti. Hakusita hata kidogo. Wapimaji walimwambia aendelee kulima mpaka atakapoambiwa aache. Kwa hiyo alilima. Vijiti vilikuwa katikati ya matuta, akaving'oa, akaviweka kibarazani. Alipomaliza kuinua matuta akavirudisha vyote, kimoja kimoja, juu ya tuta, vinyooke.

"Vyao vilikuwa vimepinda. Vyangu angalia mwenyewe. Sijapoteza hata kimoja, mwanangu. Watangazie wasiwe na wasiwasi, vijiti vyao viko salama."

Redio yake haina betri wiki ya pili. Hakusikia taarifa ya jana.

Sikumwambia. Nilipaswa kumwambia palepale.

Ijumaa, 8 Novemba

Swali moja kwa ofisi zote mbili. Makubaliano yao ya mwanzo yalisema kabla ya kuchimba watapita pamoja kwenye mstari wote na kuukagua. Je, walipita?

Haule: ratiba ilibana.
Watu wa maji: tulikuwa tunawasubiri wao.

Maana yake hapana.

Jioni mwenyekiti wa mtaa amepiga simu. Polisi wamempa hadi Jumatatu atoe jina. Analijua. Mtaa mzima unalijua, shamba halifichiki. "Huyu ni mama yangu wa ubatizo, dada. Nimpeleke kwa mkono wangu?" Nimemwambia leo bado ni Ijumaa. Jibu la kijinga.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimerudi kwa Mama Skola na kumwambia yote: polisi, mahakama, neno lenyewe. Ameuliza hujuma maana yake nini. Nimeeleza. Ameuliza kama wanaweza kumfunga. Nimesema sijui, lakini wanaweza kumshitaki. Ameweka jembe chini, akakaa juu ya tuta.

Nimemwambia naweza kusema "mkulima mmoja" bila jina.

"Wakamkamate kijana wa watu? Sema mimi. Niliviweka mimi."

Nimerekodi. Mhariri alitaka kuanza na bibi aliyehamisha barabara, kichekesho. Nimekataa. Taarifa imeanza na ukaguzi ambao haukufanyika, kisha sauti yake. Tumebishana, nimeshinda. Sina furaha yoyote.

Jumapili, 10 Novemba

Watu wametoka misa ya pili, Mama Skola kati yao. Vijana wa bodaboda wamemwona.

"Injinia! Injinia, tupimie na sisi!"

"Leteni vijiti," amewajibu, "na mniite mama kwanza."

Wamecheka, naye amecheka. Lakini hakubaki uwanjani kuongea na wenzake kama kawaida yake. Ameshika njia peke yake, kitenge kimebanwa kwapani, haraka.

Jumatatu, 11 Novemba

Mwenyekiti amempeleka Mama Skola polisi asubuhi. Ametoka jua limeshapinda. Ametoa maelezo, ameweka dole gumba, ameambiwa aende nyumbani na asisafiri. Jalada halijafungwa. Nilikuwa nje muda wote, kwenye benchi, na kwa saa zote hizo nimepata sentensi tatu tu za taarifa.

Haule hapokei simu. Mshangano bado hakuna maji. Mapunda hawezi kufukia bomba upya mpaka mstari upimwe upya.

Jumanne, 12 Novemba

Ofisi ya maji imeondoa malalamiko yake. Barua fupi, haina maelezo. Haule amepokea simu hatimaye: upande wa barabara haujaondoa. Wataamua baada ya kupita kwenye mstari wote, ofisi zote mbili, Mama Skola akiwepo aonyeshe vigingi vilikuwa wapi. Hadi hapo asiguse chochote shambani.

Nimempelekea Mama Skola ujumbe huo mwenyewe. Mvua ya kwanza imenyesha Mshangano usiku wa kuamkia leo, imelowanisha vizuri. Majirani zake wote wako mashambani wanapanda mahindi. Yeye amekaa kibarazani na mbegu kwenye beseni. Matuta yake yamelowa, yako matupu, vijiti vimesimama juu yake vimenyooka.

Ameuliza siku gani. Alhamisi, nimemwambia, saa mbili asubuhi. Ameuliza kama watakuja kweli.

Nimesema mimi nitakuja.