Dhahabu Haikukimbia Damu Yangu

Nyarugusu, Geita
11 Agosti 2025

Mama Mariana, dada yangu,

Shikamoo. Na kwa kuwa najua utaisoma barua hii asubuhi kabla hujafungua genge, mwangaluka pia, salamu ya asubuhi ya Kisukuma kama mama alivyotufundisha. Habari za Isaka, vumbi la malori, na shemeji Abel? Mimi ni mzima. Neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Nimekonda na nachoka upesi, lakini nakula, natembea, na nimerudi kazini kwa nusu siku.

Sikupiga simu kwa sababu simuni ungenikatiza. Mariana ameniambia kwamba tangu Juni unaona damu, wewe ambaye hedhi ilikoma mwaka juzi, na kwamba ukiulizwa unacheka na kusema ni ujana umerudi. Dada, mimi nami nilikuwa na majibu yangu mazuri ya namna hiyo. Kaa usome yote.

Kazi yangu unaijua. Tunaponda mawe yanayotoka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, wanawake saba chini ya turubai moja. Na mwiko wa wachimbaji unaujua: mwanamke aliye kwenye siku zake hasogei karibu na duara, kwa sababu dhahabu, wanasema, hukimbia damu. Akijulikana anafukuzwa, na nafasi yake inachukuliwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo damu ilipoanza kunitoka nje ya siku zangu, Septemba mwaka jana, sikwenda hospitali. Nilivaa kanga mbili ndani ya sketi nyeusi nikaendelea kuponda. Katika daftari langu niliweka nukta nyekundu kwa kila siku ya damu. Kufikia mwisho wa Februari zilikuwa nukta arobaini na moja. Nilihesabu vizuri, nikaficha vizuri zaidi.

Tarehe 27 Machi nesi anayeitwa Noela alikuja kambini kupima wanawake mlango wa kizazi. Mimi nilijifanya nina mawe mengi. Ghati, yule mwanamke wa Tarime ninayeponda naye, alininyang'anya nyundo akasema kwamba mtu aliyejigonga vidole vyote kumi hana haki ya kuogopa kijichuma cha nesi. Nikaenda. Noela alipaka siki, lakini hakuhitaji kusubiri ibadilishe rangi ya sehemu iliyoharibika, kwa maana kidonda kilikuwa kinaonekana. Aliniandikia barua ya rufaa, hospitali wakakata kinyama kidogo wakakipeleka maabara, na tarehe 22 Aprili nikaambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili. Daktari alinieleza polepole kwamba hapo nilipofika kuna tiba na wanawake wengi hupona, ila ningengoja mpaka miguu ivimbe na mkojo uzibe, yeye angebaki kuzungumza nami habari za kupunguza maumivu tu.

Wiki ileile mawe yenye dhahabu yakakata. Siku sita walitoa mawe matupu. Maduhu, msimamizi wa duara, alitupanga wanawake wote mstari mbele ya wachimbaji akauliza ni nani yuko mwezini. Ghati alimjibu kwamba mwezi uko juu, asubiri giza atautazama. Wanaume wakacheka, Maduhu akakasirika, akasema basi tutakaguliwa mmoja mmoja na mke wake.

Dada, nilichoka palepale. Nilisema kwamba hakuna haja ya kumsumbua mke wa mtu, anayetoka damu ni mimi, na si hedhi, ni saratani. Kisha nikalitoa daftari kwenye mfuko nikawasomea. Tarehe 14 Februari walichinja mbuzi kwa jinsi mawe yalivyojibu kwa dhahabu, nami siku hiyo nilikuwa natoka damu. Tarehe 3 Machi Maduhu alinunua pikipiki, na siku hiyo pia. Siku kumi za Januari ambazo nilikuwa mkavu, waliuza simu zao ili wale. Niliwaambia kama damu inafukuza dhahabu, wanieleze hiyo ya Februari ilikujaje. Na kama hawawezi, waniache niende Mwanza nikatibiwe, na nikirudi nikute nafasi yangu chini ya turubai.

Mchimbaji mmoja alisema labda waniombe nisitibiwe, maana faida yao ndiyo hiyo. Maduhu alimfokea anyamaze. Mimi aliniambia nimemwaibisha mbele ya watu wake. Nikamwambia aibu hiyo mimi nimeivaa tangu Septemba na yeye ana dakika mbili nayo. Akasema Ghati anitunzie nyundo.

Bugando, hospitali ya Mwanza, nilianza tarehe 19 Mei. Mionzi mara ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya dawa mara moja kila wiki. Mionzi yenyewe haiumi. Unalala umetulia kama anayepigwa picha. Yanayoumiza huja baadaye: kuhara, mkojo kuwaka, na uchovu wa kushindwa kuinua kikombe. Mtu mmoja hapa kambini alikuwa ameapa kwamba mionzi humkaanga mtu akafa. Nimerudi, nimemsalimia kwa jina lake, akaitikia. Baada ya hapo nilipewa mionzi ya ndani mara tatu. Juzi juzi, tarehe 7, daktari amenikagua akasema kidonda hakionekani, na kwamba tutaangalia kila miezi mitatu. Hajasema nimepona, nami sitamtangulia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka Kahama, Oktoba 2021, tulipopanga foleni ya kupima bure. Mimi nilikuwa namba kumi na sita, wewe kumi na saba. Nilitoka nikakuambia sina kitu, kwamba kile chuma kinauma kama uchungu wa kuzaa, na kwamba manesi wamesema mwanamke aliyepita arobaini hana haja. Ukatoa kadi yako ukamrudishia yule dada wa mlangoni, tukaenda kula wali.

Nilikudanganya, dada. Hakikuuma, na hiyo ya arobaini niliitunga. Waliona madoa meupe, wakasema si saratani bado, watayachoma leo leo kwa dakika chache, na nitatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa. Nikafikiria duara na wanaume wanaochungulia sketi zetu, nikasema nitarudi kesho. Sikurudi. Na nilikuzuia usiingie kwa sababu ungeingia, yule nesi angekuambia umbembeleze mdogo wako. Hayo ya kuchomwa dakika chache nimeyalipia kwa mwili wangu, ni haki yangu. Lakini foleni yako haikuwa yangu kuivunja. Usiku ule niliandika daftarini: Nimemdanganya Paskalina, nitamwambia kesho. Imekuwa miaka minne.

Kwa hiyo Jumatano tarehe 20, saa mbili asubuhi, nitakuwa kwenye benchi la hospitali ya Kolandoto. Njoo. Usiseme umekuja kupima tu. Sema wazi kwamba hedhi ilikoma na damu imerudi, ili wakukague na kukata kinyama wakiona haja. Huenda isiwe saratani. Huenda ikawa. Vyovyote vile tutajua mapema kuliko mimi nilivyojua. Usipokuja, nitapanda basi mpaka Isaka na kuyasema haya gengeni kwako, mbele ya madereva wote.

Najua utanikasirikia. Nikasirikie, lakini ukiwa kwenye foleni.

Msalimie shemeji Abel, na mwambie Mariana asijilaumu kwa kunieleza. Ghati anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema umletee mchele wa Kahama. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Asteria