Mita Kumi na Moja Nilizoziita Zirudi

Mama Kiptoo,

Rafiki yangu, leo nimefunga duka mapema nikuandikie. Mvua imeanza huku Eldoret na wenye mashamba hawaji mjini kama hawana shida kubwa. Mimi niko sawa. Nakuambia hivyo kwanza kwa sababu ungeniuliza, halafu ungenitazama uone kama nadanganya.

Lakini kuna jambo nilikukosea, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Siku moja kabla ya kukuzika kwenu Soy, watu wa kanisa walikuja kuomba pale dukani. Hakukuwa na mahali pa kuweka chai. Nikabeba ile mita yetu kubwa ya mezani ya kupimia umeme, ile tuliyotumia kusahihisha mita zingine zote, ile wewe uliita Mwenyekiti, nikaipeleka stoo. Njiani nikaigonga kwenye fremu ya mlango. Nilisikia kabisa. Nikaiweka, nikarudi kumimina chai, nikasahau.

Baada ya matanga nilirudi kazini haraka, pengine haraka sana. Nilitengeneza mita kumi na moja, zingine za kuuza, zingine za mafundi wa stima na sola. Kila moja nikiilinganisha na Mwenyekiti, inasoma juu kidogo, nami naishusha. Zote kumi na moja, upande ule ule mmoja! Wewe ungesimama kwa ya tatu useme, "Mama Njoki, hebu ngoja." Mimi sikujiuliza. Mikono ilikuwa kwa benchi, akili ilikuwa Soy.

Ndipo akaja Bwana Sitienei, yule fundi mpole wa mitambo ya kupoza maziwa. Alikuwa amenunua kwetu moja ya zile mita. Kazini kwao walikuwa wameletewa mpya yenye cheti cha maabara ya Nairobi. Akaziweka zote mbili mezani, akazipimisha betri moja.

"Mama, hii yenu inapingana na hii."

Nikamjibu vibaya. "Mita za hapa zinapimwa kwa njia ya mwalimu wa fizikia. Hiyo yenu ndiyo mbaya."

"Huyo mwalimu ndiye tulizika juzi?"

"Ndiye."

"Pole sana, mama," akasema. Akachukua mita zake akaenda.

Umeona nilichofanya? Ile mita niliirekebisha mimi, wewe ukiwa umeshazikwa. Nilichukua jina lako nikajificha nyuma yake.

Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Nilitafuta kile kisanduku chako kinachotoa volti kumi kamili, kile ulichokuwa unampimia Mwenyekiti kila Ijumaa na kuandika kwa kitabu. Nikapima. Tisa nukta tisa. Nikapima tena. Tisa nukta tisa. Nikafungua kitabu, ambacho sikuwa nimekigusa tangu uende. Kumi, kumi, kumi, Ijumaa baada ya Ijumaa, mwandiko ukilegea pale ulipoanza kuugua, lakini bado kumi. Halafu kurasa tupu. Hapo ndipo nilikumbuka ule mlango. Nililia, Mama Kiptoo. Nililia kwa aibu na, nisikufiche, kwa furaha pia. Kosa halikuwa lako.

Nilipomfungua Mwenyekiti nilikuta mahali palipochomelewa pamepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Nikachomelea upya. Lakini sikumwamini mpaka alipoenda maabara Nairobi na kurudi na cheti.

Kisha nikapiga simu kumi na moja. Wengi walisema tu, "Sawa, nitaileta." Fundi wa sola wa Chepsaita ndiye aliwaka. "Mama, nimeharibu betri za mtu kwa sababu yenu!" Alikuwa amepanga chaja ya mfugaji kuku kwa kutumia mita yetu inayosoma chini, umeme ukazidi, na betri zilikuwa zinachemka. Nikaenda naye mwenyewe. Tukaongeza maji ya betri, tukapanga chaja upya, tukakaa pale mpaka alasiri tukizipima. Zilishika. Mwenye kuku akanipa mursik, yale maziwa yao ya mgando, na kuniuliza nani alinifundisha kazi hii. Basi nikaanza! Nikamweleza ule mnada wa kiwanda kilichofungwa, vile uliingiza pua kwa kila mita ukinusa ndani, wanaume wakicheka, halafu zile ulizokataa wakazinunua wao na zote zilikuwa zimeungua. Hata fundi wa sola alisahau hasira yake.

Kwa Sitienei sikupiga simu tu, nilimfuata kazini kwake. Nikamwambia, "Nilikosea, na nikamsingizia marehemu." Akasema, "Mama, mimi nilipofiwa na baba nilifunga waya za mota kinyume, pampu ikazunguka kurudi nyuma asubuhi nzima na sikuona." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka hivyo tangu uende.

Mita zote kumi na moja zimerudi, zimesahihishwa, zimeenda zao. Wateja kumi wameshaniletea kazi zingine. Mmoja hakurudi tena, na simlaumu. Baba Kiptoo alipita wiki jana na mahindi mabichi. Amekonda, lakini anakula, na anakutaja bila sauti kukwama.

Kwaheri, rafiki yangu. Ahadi yangu ni moja. Mtu akiniletea mita inayopinga yangu, nitamvutia kiti, nimpe chai, na tupime pamoja kabla sijafungua mdomo. Na nikikosea, nitasema ni mimi Wambui niliyekosea. Jina lako nitalitaja kwa zile ulizopima wewe.

Pumzika vizuri.

Wako,
Mama Njoki