Debe la Kumlowekea Bata Mzinga

Kang'ethe, soma karatasi hizi peke yako. Dereva wa gari la maziwa atakufikishia hapo Thika leo hii.

Memsahib anataka bata mzinga wa Krismasi alowekwe mzima katika maji ya chumvi. Ndoo nimeikataa, maana inavuja. Sufuria zote ni ndogo. Ndipo mpishi mkuu, mzee Gachanja, akaniletea debe. Gachanja! Tangu memsahib asifu mchuzi wangu mbele ya wageni, hajanisemesha.

Ndani ya debe, kwenye kona, kulikuwa na rangi ya buluu. Umewahi kupulizia kahawa dawa, buluu hiyo ya sumu unaijua.

Nikamwuliza, "Mzee, debe hili lilikuwa la nini?"

"La maji, malenga. Au unataka kulitungia shairi kwanza?" Hunidhihaki hivyo kwa sababu ya mashairi yangu.

La maji! Na siku hizi za Hali ya Hatari, Wazungu wakiumwa tumbo, atakamatwa nani? Ni mimi niliyeloweka.

Nikatia maji katika lile debe, nikayakoroga, nikachota kikombe kimoja kabla ya chumvi. "Basi kunywa, mzee."

Akacheka. "Sina kiu."

Sina kiu, Kang'ethe! Saa nane mchana, jikoni kama tanuri, jasho linamtiririka hadi kidevuni!

Nimemwaga yote. Bata mzinga sasa yumo katika beseni la kuogeshea mtoto wa memsahib, na nitamwambia mwenyewe akirudi. Afadhali nifukuzwe kazi kwa ajili ya beseni kuliko nipelekwe kizuizini kwa ajili ya sumu.