Oksijeni ya Baba

Mjimwema, Njombe

Kaka Nahumu,

Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya kuku wangu sita, kwamba nimenunua nguo ya kuogelea. Kwa baridi hii nimeijaribu juu ya sweta, ikagoma kupanda.

Jumamosi nashuka Manda kujifunza kupiga mbizi ziwani. Fomu ya wanaofundisha huko inauliza kama nataka mtungi wa hewa ya kawaida au ulioongezwa oksijeni. Shangazi Feliciana akaruka: "We Jeni, oksijeni ni ya wanaokufa!"

Hayo kayatoa kwako. Tangu tumzike baba unawaambia watu wa Makambako kwamba nilimuua siku nilipokubali awekewe mtungi wa oksijeni hospitalini. Kaka, baba alikuwa hawezi kupumua. Ule mtungi ulimpa siku mbili, na ya pili aliomba chai. Wewe hukuwepo.

Basi nimechagua wenye oksijeni. Nitauvuta, nitatoka majini mzima, na picha nitakutumia uitundike sebuleni.

Mdogo wako,
Jeni

Kabla sijafunga bahasha, mwalimu wa huko amepiga simu. Swali lile la fomu ni la wazoefu. Sisi tunaoanza tunapewa hewa ya kawaida.