Serafina Hakufa kwa Tumbo

S.L.P. 27,
Ushirombo,
kupitia Kahama.
12 Juni, 1984

Mpendwa mdogo wangu Febronia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako aliyoileta binamu yetu Nyamizi nimeipokea, marahaba. Hujambo wewe? Shemeji Damian hajambo, na kile kikohozi chake kimepoa? Sisi huku ni wazima. Baba Thobias anasumbuliwa na goti, naye anaisumbua nyumba nzima kwa ajili ya hilo goti. Mtama tumevuna, pamba tunaendelea kuchuma. Sabuni hakuna, sukari tumeshaisahau ladha yake. Basi hizo ndizo salamu. Nimeziandika kwa kuwa barua haianzi bila salamu, lakini mkono wangu ulikuwa unataka kuziruka.

Nyamizi alifika juzi kutoka kwako Morogoro. Hata mzigo hajautua akanivuta jikoni, akaniambia kwamba baada ya miaka miwili ya kukatika umeanza tena kuona siku zako, kwamba furaha yako haisemeki, na kwamba umemtuma kwa mzee Bujiku akuchukulie ile mizizi ya kushika mimba. Akapiga kigelegele palepale. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikaendelea kuusonga mpaka ukashika chini ya chungu.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama sijui nilichosimamia. Nyamizi anarudi kesho kwa lori la Isaka ili awahi treni, na sasa hivi ameketi mbele yangu ananitazama, akidhani nakuandikia namna ya kuchemsha dawa. Sijamwambia kitu. Unamjua mwenyewe, mdomo wake hauna mlango.

Febronia, kaka Telesphori alikuandikia kwamba dada yetu Serafina alifariki kwa tumbo. Ndivyo tunavyoandika ukoo mzima. Ugonjwa wa kike unaitwa tumbo, maana barua itasomwa na shemeji, na jirani, na mtoto wa shule atakayeombwa aisome kwa sauti. Hata katekista aliambiwa tumbo. Nimechoka na hilo tumbo. Serafina alikufa kwa kansa ya shingo ya kizazi, yaani pale kwenye mlango wa mfuko wa uzazi, na dalili aliyoanza nayo ni hiyohiyo yako.

Alikuwa amekatika miaka minne. Damu iliporudi, wanawake wa kisimani walimtania kwamba amerudi usichana, naye akatembea kifua mbele. Alichinja jogoo. Bujiku akampa mizizi, akainywa msimu mzima wa kilimo, na kila damu ilipoongezeka alisema dawa inamsafisha. Simlaumu Bujiku, maana alitibu kile alichoambiwa. Maumivu ya kiuno yalipomlaza ndipo tukampeleka Mwanza, na daktari akasema ugonjwa umeshatambaa, hakuna tena pa kukata. Alituuliza kwa upole damu ilianza lini.

Baada ya mazishi masista wa hospitali ya misheni waliwaita akina mama wote kupimwa. Nilikwenda, nikakaa kwenye benchi nikitamani ardhi inimeze. Daktari mwenyewe ni kijana rika la Thobias wangu. Lakini ukweli ni kwamba si jambo kubwa. Unalala, anatazama kwa taa, anachukua ute kidogo kwa kijiti, anaupaka kwenye kioo, na kioo kinapelekwa Mwanza kwa wenye darubini. Haiumi kuliko kung'olewa jino. Mimi majibu yangu yalikuja safi, na nitarudi tena. Sista alisisitiza kwamba kipimo hicho ni cha mtu anayejiona mzima, ili kasoro ishikwe ikiwa bado changa. Lakini aliyekwisha kukatika na sasa anaona damu, huyo asingoje kuitwa. Aende mara moja aonwe na daktari.

Sista huyohuyo ametuharibia chakula chetu pia, kama anavyosema baba Thobias. Unakumbuka tunavyochambua karanga: nzuri za kuuza, nzuri nyingine za mbegu, na zile zilizosinyaa zenye ukungu wa kijani tunatwanga za kuungia nsansa, yale majani makavu ya kunde. Kumbe ule ukungu una sumu, na ukila miaka nenda rudi unaweza kukuletea kansa ya ini. Kuupika hakuiondoi sumu hiyo. Sasa mbovu zote nazitupa mbali na kuku, nasi tunakula nzuri. Baba Thobias ananung'unika kwamba nakula mbegu ya mwakani. Nimemwambia anung'unike akila. Mboga za majani na mapapai tunakula zaidi, na pombe ya moshi nimemwekea sheria, ingawa anaivunja.

Nimekufungia karanga za kwetu kwenye kitambaa cha bluu, nimezichambua mwenyewe. Mizizi ya Bujiku haimo. Nilimzuia Nyamizi asiende kwa mzee, nikamwambia nitaishughulikia mwenyewe, akaniamini.

Sasa nisikilize. Barua hii ikikufikia, kesho yake asubuhi nenda hospitali ya mkoa. Usimwambie daktari tumbo. Mwambie damu, na useme imeanza lini. Sista anasema huenda ni kitu kidogo tu, kidonda au uvimbe unaotibika, na hata ikiwa ni kansa, iliyowahiwa inatibiwa. Mimi namwamini, ila moyo wangu haujamwamini bado. Shemeji Damian mwambie waziwazi, na kama unaona haya mpe barua hii aisome. Sijali. Nipigie simu ya maandishi kupitia misheni. Zikipita wiki tatu nisipate neno, napanda treni nakuja kukukokota mwenyewe, na pamba ibaki shambani.

Kuna jambo moja nimelizunguka tangu nilipoanza kuandika. Najua umeomba mtoto tangu siku ile ulipoolewa. Najua novena zako zote, na maneno ya mama mkwe wako, na jinsi unavyoshika watoto wa wenzako. Ningekuwa na njia ya kukuacha na furaha hiyo hata mwezi mmoja, ningekuacha. Hiyo damu si mtoto, mdogo wangu. Nyamizi ameniambia umeshachagua na jina. Alitaka kunitajia nikamkatiza, nikatoka nje nikalia nyuma ya ghala.

Kaka Telesphori anakusalimu, ingawa hajui ninachokuandikia, na akijua atanuna. Baba Thobias na watoto wote wanakusalimu. Msalimie sana shemeji, na mama mkwe wako pia. Mungu akutangulie kwenye mlango wa hospitali, na Bikira Maria akushike mkono ukiwa ndani.

Ukitaka kunichukia kwa barua hii, nichukie. Lakini nichukie ukiwa umeshapimwa.

Ni mimi dada yako akupendaye, asiyelala kwa ajili yako,

Salvina