Jiko Lako la Gesi

Gombani, Chake Chake
Novemba 1960

Kaka Shaame,

Assalaam alaykum. Salamu hiyo ni ya dini, yangu sina.

Karafuu mwaka huu zimezaa sana, ua mzima tumetandika majamvi ya kuzianika. Mdogo wetu Kazija amejifungua mtoto wa kike.

Jiko la gesi ulilotuletea kutoka Mombasa tulilifunga uani, ndani ya shimo la kukinga upepo, kama ulivyoandika. Fundi alituonya tupake povu la sabuni kwenye maungio ya mpira kila tukitaka kuwasha, tuone kama panavuja. Wewe ukaandika tusijisumbue, gesi ikivuja tutasikia harufu.

Harufu gani, kaka? Umekaa huko hata umesahau kwamba msimu wa karafuu hapa mtu hasikii hata harufu ya samaki aliyeoza?

Gesi ilivuja ikajaa shimoni, nasi hatuna habari. Mama akainama, akawasha kibiriti.

Mikono imeungua mpaka viwikoni. Daktari anasema uso utapona. Macho hakuyataja.

Mama amenituma nikuandikie kwamba jiko ni zuri, na kosa ni lake yeye. Nimefikisha. Sasa njoo umwambie mwenyewe kosa ni la nani.

Nduguyo,
Khairiya