Jembe la Gidamis

Jumanne, 1 Oktoba

Darasa la watu wazima asubuhi. Wamekuja wanne, na mmoja amelala. Wengine wako mbali na ng'ombe, wanatafuta maji. Siwalaumu. Ng'ombe hanywi herufi.

Baada ya kipindi nimepita kuangalia kaburi la baba. Matrekta ya shamba la ngano yameshaanza upande wa mashariki. Mwaka jana walilizunguka kwa mbali. Mwaka huu matairi yamepita kwenye ukingo wa lile lundo la udongo. Ukoo mzima ulikaa miezi pale ukililundika na kuimba, na mzee aliyezikwa hivyo hahamishwi. Nilimweleza meneja tangu Agosti, kwa heshima zote. Akasema haongei na mtu mmoja mmoja, nimlete diwani.

Diwani wetu anakaa juu milimani. Huku bondeni hajawahi kukanyaga.

Ijumaa, 4 Oktoba

Sasa uchaguzi. Huku kwetu hakuna anayetaja rais wala mbunge. Neno ni moja tu: kata yetu wenyewe. Tujitenge na watu wa juu, tuwe na diwani anayejua kaburi ni nini, aende Katesh wilayani akaseme.

Gidamis, mtoto wa baba mkubwa, amepitishwa kugombea. Ameahidi jambo la kwanza ni kata, la pili ni makaburi. Mpinzani wake ni Tluway, mwenye duka kule juu. Yeye anataka kata ibaki moja.

Mke wangu ni wa Bashay, kule juu, shemeji zangu wote ni wakulima, na tumekula pamoja miaka mingi. Sina ugomvi na watu wa juu. Lakini nimechoka kuombewa maji na mtu asiye na kiu.

Sisi ni wengi kuliko wao. Tutashinda. Leo nimefurahi, naandika ili nisisahau ilivyokuwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Alama za wagombea zimetoka, zile picha za karatasi ya kura.

Tluway kapewa nyumba. Gidamis kapewa jembe.

Nimecheka peke yangu kama kichaa. Jembe! Kwa sisi Wabarabaig, wafugaji! Jembe ndilo lililotunyang'anya malisho. Trekta kwa lugha yetu hapa wazee wanaliita jembe, hawana neno lingine. Aliyegawa alama pengine hakuwa na nia mbaya. Hakufikiri tu, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mkutano wa kampeni kwenye uwanja wa shule. Wagombea wamekuja ndani ya Land Rover moja ya chama, kama sheria inavyotaka, wamekaa bega kwa bega wakitazama pembeni.

Gidamis ameongea vizuri, kwa Kiswahili.  Nusu ya wazee hawaelewi zaidi ya shikamoo na bei ya ng'ombe. Akageukia lugha yetu, awaambie kwamba jembe ni picha tu. Hakumaliza sentensi. Msimamizi alisimama: "Kiswahili, mgombea. Hapa hatutaki ukabila." Gidamis akarudi kwenye Kiswahili, akaishika ile picha ya jembe juu ya kichwa ili waione vizuri. Masikini ya Mungu. Mzee mmoja mbele yangu akatema mate.

Tluway hakuhangaika. Alionyesha nyumba, akasema kila mtu anahitaji kulala. Akaketi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wiki nzima boma kwa boma. Kunizuia nisiseme lugha ya mama yangu nikiwa nimechuchumaa zizini, hilo hawawezi. Shikamoo, mzee. Marahaba. Halafu naeleza: msiangalie jembe, angalieni mtu. Choreni kwenye jembe, ni Gidamis.

Kila mahali jibu ni lile lile. Tumekusikia, mwalimu. Kwetu "tumekusikia" maana yake unaweza kuondoka.

Jioni nimemweleza mama pia. Alikuwa anakamua. Hakuinua kichwa. Nimerudia, akasema anajua kuchora alama, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha. Kweli. Ni mwanafunzi wangu bora.

Jumapili, 27 Oktoba

Kura. Mstari mrefu, vumbi, jua kali. Mama amevaa sketi yake ya ngozi, ile ya ndoa. Wanawake wengi wamevaa za kwao. Nilidhani wamevaa kwa ajili ya Gidamis, nikaona fahari.

Jumanne, 29 Oktoba

Tumeshindwa. Si kule juu. Kule Gidamis alipata hata kura za shemeji zangu, wakulima, jembe haliwatishi. Tumeshindwa hapa hapa, kwenye kituo chetu, kwa watu wetu wenyewe. Nyumba, nyumba, nyumba.

Nimetukana. Nimesema hawa watu wakae bila kata, wakae bila maji, msiba wa kujitakia hauna kilio. Mke wangu ameniambia ninyamaze, watoto wanasikia. Sikunyamaza. Nikaenda kwa mama, nikamuuliza alichora wapi.

Hakunificha.

"Mwanangu, jembe linakuja kumfukua baba yako. Mimi nilipigie kura? Mkono ulikataa."

Nikamwambia jembe lile lilikuwa la kumlinda. Akanitazama kama mtoto aliyetoka shule na maneno mengi. Akasema alishika kalamu, akaliona pale, akamwona mumewe chini yake, yule aliyemvalia ile sketi. Basi.

Nina hasira naye. Sijawahi kumkasirikia mama hivi. Leo sikula kwake.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepanda juu kwa Tluway. Yeye ndiye diwani sasa. Amenipa chai ya maziwa na kiti kizuri. Suala la kata limefungwa, alisema, wananchi wa bonde wenyewe wameamua. Kuhusu kaburi, atalifikisha kunakohusika.

Nimemshukuru. Nimeteremka nikijichukia kwa kumshukuru.

Jumatano, 20 Novemba

Wamelima. Sijui ni jana au juzi, sikuwa na kipindi upande ule.

Nimekwenda na mama asubuhi. Udongo mweusi, umelala sawasawa mpaka macho yanapoishia. Hakuna lundo, hakuna mti. Alikuwa amebeba maziwa kwenye kibuyu. Hakulia. Aliuliza tu, baba yako alikuwa upande gani.

Nikatembea kidogo, nikasimama, nikamwambia hapa. Akainama, akamimina maziwa polepole mpaka yakaisha.

Sina hakika kama palikuwa hapo.